Nilirudi Jukwaani Baada ya Miaka 31: Mafunzo Niliyopata

Alfajiri moja ya mwaka 1993, pikapu ilirudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa klabu tuliyokuwa tukipiga muziki katikati ya Nairobi. Mwenye vyombo hakupandisha sauti. Alisema wateja wamepungua, kodi imemshinda, na vyombo anavihamishia kwingine. Tulivibeba wenyewe: spika, dramu, amplifaya ya besi iliyotaka watu wawili, kisha magitaa. La mwisho kutoka lilikuwa gitaa la solo. Nilikuwa nimelipiga miaka 9, usiku baada ya usiku, na nilizoea kuliita langu. Nikalifuta jasho, nikalilaza kwenye sanduku lake, nikafunga bizimu mbili, nikalikabidhi. Nilikuwa na umri wa miaka 34.

Sikwenda mbali. Maisha ya bendi yalikuwa yamenifunza kulehemu nyaya, kwa hiyo nikakodi kibanda kwenye uchochoro unaotokea River Road, nikawa fundi wa redio na amplifaya. Makanisa ya Kangemi na Kawangware, wenye matatu, wenye baa, wote walipitia mezani kwangu. Mteja akileta gitaa lenye soketi mbovu, nililehemu, nikagonga uzi mmoja kusikia kama sauti inapita, nikalirudisha mfukoni. Uzi mmoja tu. Nilijua nikigonga wa pili nitataka wa tatu, na kazi ya kulisha watoto ilikuwa pale mezani ikinisubiri.

Mwaka 2024, nikiwa na miaka 65, nilipanda jukwaani tena katika ukumbi wa ghorofani, hatua chache kutoka kibanda changu. Tangu hapo wazee wenzangu, na vijana pia, wamekuwa wakija kuniuliza nilifanyaje. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anza na chombo chako mwenyewe

Msikilizaji wa muziki wa dansi huenda hajui kwamba wengi wa wapigaji aliowapenda hawakuwa na gitaa. Vyombo vilikuwa vya mwenye klabu, au vya tajiri fulani. Kule Tanzania vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, jeshi au polisi: NUTA Jazz na Polisi Jazz majina yao yenyewe yanawataja wamiliki. Mpangilio huo ulitupa kazi, tena kazi ya heshima, lakini mwenye vyombo alipochoka, bendi nzima ilikwisha siku moja. Mwanamuziki aliachiwa vidole vyake na sifa.

Mwaka uleule pikapu ilipotuacha mlangoni, huko Dar es Salaam ilianzishwa bendi ya wazee, Shikamoo Jazz, kwa msaada wa HelpAge, shirika linaloshughulikia maslahi ya wazee. Ndani yake walikuwamo watu kama Salum Zahoro, aliyejulikana tangu enzi za Kiko Kids ya Tabora. Wazee wale ujuzi walikuwa nao tele. Walichokosa ni magitaa, spika na mahali pa kufanyia mazoezi. Walipovipata walipiga muziki, wakarekodi, na santuri yao ikatoka mwaka 1995. Habari zao nilizisikia nikiwa kibandani, nikalehemu mchana kutwa bila kusema neno.

Ilinichukua miaka mingi kuchukua hatua niliyopaswa kuichukua asubuhi ileile. Nilinunua gitaa la umeme, kuukuu, kwa mtu aliyekuwa akihama mji, shilingi 18,000 kwa awamu nne. Lilikuwa na ufa kwenye shingo na swichi iliyokwama. Nilitengeneza vyote viwili. Usiku wa awamu ya mwisho nililala nalo chumbani, na mke wangu hakuniuliza kitu.

2. Mkono husahau, sikio halisahau

Nilidhani nikikaa tu na gitaa, vidole vitakumbuka njia. Havikukumbuka. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikataa kufunguka. Sugu za ncha za vidole zilikuwa zimeyeyuka zamani, na baada ya dakika tano nilipata malengelenge. Mkono wa kulia ndio ulionisikitisha zaidi, kwa sababu solo ya kwetu haihitaji nguvu. Inataka pigo jepesi, sawasawa, linalorudi pale pale mara mia bila kuchoka, na pigo langu lilikuwa linayumba kama mtu anayetembea gizani.

Kilichonisaidia kwanza ni kubadilisha nyuzi. Ujanani nilifunga nyuzi nene, namba kumi na moja, kwa sababu tulifunga zozote zilizopatikana na tukazitumia hadi zikatike. Sasa nilifunga namba tisa, laini, zinazomhurumia mzee. Pili, nilipiga kidogo kila siku: dakika kumi na tano saa moja asubuhi kabla sijafungua kibanda, na kumi na tano jioni. Saa mbili za Jumapili pekee zilinipa maumivu tu. Wiki ya tatu ngozi ilianza kuwa ngumu. Mwezi wa nne kidole kidogo kilikubali kazi.

Jambo la tatu nililigundua kwa bahati. Nilikuwa nimekwama katikati ya wimbo, nikaweka gitaa chini, nikaanza kuuimba ule mpigo kwa mdomo. Ulitoka wote. Ukatoka na wa besi, na wa gitaa la pili, na mahali mpiga dramu alipokuwa akigonga sahani. Vidole vilikuwa vimepoteza kila kitu, sikio halikupoteza hata pigo moja. Tangu siku hiyo naimba kwanza, kisha natafuta sauti ile ilipo kwenye shingo ya gitaa.

Barthélemy Attisso amenipa moyo sana katika hili. Alikuwa Mtogo, mwanasheria, na ndiye aliyepiga solo ya Orchestra Baobab ya Dakar. Bendi ilipovunjika miaka ya 1980 alirudi Lomé kwenye uwakili wake na gitaa akaliweka kando. Mwaka 2001 wenzake walipomwita, ilimbidi ajifunze upya nyimbo alizozipiga yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata walitoa Specialist in All Styles, na ukisikiliza santuri ile husikii kutu hata kidogo. Kama yeye alikaa chini kujifunza kazi yake mwenyewe, mimi ni nani nione haya?

3. Santuri si wimbo mzima

River Road ya ujana wangu ilikuwa na spika kila mlango. Maduka ya santuri yalipanga mstari, na mengine yalikuwa ya watayarishaji wenyewe. Mwanamuziki alishuka basi kutoka Kisumu, Machakos au Murang'a, akaja hapo na nyimbo zake, akatafuta mtu wa kumlipia studio. Waluo waliuza benga, muziki wao wa magitaa, Wakamba na Wakikuyu wakaichukua na kuipa lugha zao, na Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers akaimba hata Kiswahili ili asikike nchi nzima. Mfanyabiashara mmoja wa santuri, Phares Oluoch Kanindo, aliipeleka benga mbali kusini hata Zimbabwe ambako aina ile ya muziki ikaitwa kanindo. Jina la mwenye biashara limekuwa jina la muziki katika nchi nyingine: hiyo ndiyo nguvu iliyokuwa imejaa mitaa hii miwili mitatu.

Kwa hiyo nilipotaka kujikumbusha, nilikimbilia santuri. Nikakuta mambo mawili. La kwanza, gitaa langu lililolinganishwa kwa kipimo cha simu halikukubaliana nazo. Santuri moja ilikuwa juu kidogo, nyingine chini kidogo, sauti ikikaa katikati ya funguo mbili. Mashine za kurekodia hazikuzunguka kwa kasi moja, na sisi wenyewe tulilinganisha nyuzi kwa kusikilizana, bila kipimo. Kijana anayejifunza kutoka kwenye rekodi zile anaweza kudhani sikio lake ni bovu. Si bovu. Legeza nyuzi au zikaze hadi zilale juu ya santuri, kisha endelea.

La pili ni kubwa zaidi. Santuri ndogo ya duru 45 ilibeba dakika chache kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza kuimba, ukigeuza unakuta magitaa yameachiwa uwanja. Klabuni wimbo huohuo ulikwenda robo saa, hata zaidi. Tulitazama miguu ya wachezaji. Wakichoka tulishusha, wakichangamka tuliingia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, na kiongozi aliinua shingo ya gitaa kutoa ishara ya kufunga. Hayo yote hayamo kwenye santuri. Yalikuwa kwenye vichwa vyetu, na vichwa hivyo vinapungua kila mwaka.

4. Gitaa moja ni nusu ya mazungumzo

Hili ndilo fundisho ninalolishika kuliko mengine yote.

Baada ya miezi sita mkono ulikuwa umerudi kiasi. Nilikaa kibandani jioni moja, nikapiga solo ya wimbo niliokuwa nikisifiwa nao zamani. Niliipiga bila kosa. Na ilikuwa tupu. Nilirudia, nikaongeza sauti, nikarudia tena. Tupu vilevile.

Nilikaa muda mrefu kabla sijaelewa. Muziki wa dansi wa Nairobi, ule ulioletwa na ndugu Kinyonga kutoka Tanga kupitia Arusha walipofika hapa mwaka 1971 na kujiita Simba Wanyika, ule walioupeleka mbele Les Wanyika baada ya kujitenga nao mwaka 1978, umejengwa kwa watu kupeana nafasi. Sikiliza Sina Makosa. Besi ya Tom Malanga haimiminiki kama maji ya bomba. Inatamka, inanyamaza, inatamka tena. Katika kile kimya chake ndipo ridhimu inapoingia, na juu ya ridhimu ndipo solo inapoanza kusema. Kila chombo kinaacha tundu, na kila tundu lina mtu wa kuliziba. Ondoa mmoja, waliobaki wanaonekana kama wanajijibu wenyewe.

Hata benga, ambamo solo inasifiwa sana kwa kufuata sauti ya mwimbaji na kurithi mwendo wa nyuzi nane za nyatiti, inakaa juu ya besi inayosukuma kutoka chini. D.O. Misiani hakuwa Misiani peke yake, alikuwa na Shirati Jazz nyuma yake. Na twende magharibi ya Kenya, kwenye gitaa kavu la omutibo, ambako mtu mmoja kama George Mukabi alipiga besi kwa kidole gumba na wimbo kwa kidole cha shahada. Ungesema huyo sasa amejitosheleza. Lakini muziki ule ulizoea kuwa na mwenzake anayekwaruza na kugonga chupa ya soda yenye mistari. Abana ba Nasery ya Shem Tube walifika nayo hadi Uingereza, chupa ya Fanta jukwaani kama chombo kingine chochote. Mtu mwenye magitaa mawili ndani ya gitaa moja bado alihitaji rafiki mwenye chupa.

Ndipo nilipotoa daftari la hesabu za kibanda, nikaandika wenzangu watano upande wa kushoto wa karatasi. Mpiga besi amefariki. Mpiga ridhimu, rafiki yangu wa chumba kimoja Kawangware, amefariki. Mpiga dramu alirudi kwao Tanga, na nambari yake haipatikani. Mwimbaji mmoja amefariki, mwingine ni mchungaji na ameacha nyimbo za dunia. Nilikuwa nimehangaika nusu mwaka na vidole vyangu, kumbe vidole havikuwa tatizo. Nilikuwa nimerudi kwenye mazungumzo ambamo wenzangu wote walikuwa wameondoka.

Mtu anayerudi jukwaani baada ya miaka mingi atafute watu kabla ya kutafuta jukwaa.

5. Ukiulizwa usilolijua, nenda ukalitafute

Watu niliwapata kibandani kwangu. Wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 22 aliyeleta amplifaya iliyokuwa ikivuma. Alisubiri nikiitengeneza, akaona gitaa ukutani, akaomba alishike. Alipiga vizuri, kwa kasi, vitu alivyovitoa kwenye simu. Nikampigia vipande vinne vya solo. Akanyamaza, kisha akasema, "Mzee, rudia hiyo polepole." Kesho yake alirudi na binti anayepiga besi katika kanisa moja la Kangemi, na wiki iliyofuata wakaja na mpiga dramu wao.

Siku ya kwanza ya mazoezi tulianza, tukaanguka. Tukaanza, tukaanguka. Yule binti akaweka mkono juu ya nyuzi, akaniuliza kwa adabu, "Mzee, moja iko wapi?"

Sikujua pigo la kwanza liko wapi. Nimepiga muziki miaka 15 na sikuwahi kuhesabu. Sisi tulijifunza kwa kukaa karibu na mkubwa, unamtazama mabega, unaingia anapoingia. Wao wamejifunza kwa kuhesabu, na walikuwa na haki ya kujibiwa. Nilimwambia nitamletea jibu.

Jioni ile niliacha matatu, nikatembea Ngong Road nikiimba ule mpigo kwa mdomo na kusikiliza mguu upi unatua wapi. Nilikuwa nimefika karibu na Dagoretti Corner nilipolipata. Solo yetu ilikuwa inaanza kabla ya moja. Tunatangulia nusu hatua, ili moja inapofika itukute tayari tunasema. Vijana walikuwa wakinisubiri nianze kwenye moja, mimi nilikuwa nimeshaanza, ndiyo maana tulikuwa tunagongana.

Niliporudi na jibu hilo, tulipiga wimbo mzima mara ya kwanza bila kuanguka. Swali la yule binti lilinifunza muziki wangu mwenyewe. Wapo wazee wenzangu wanaosema vijana hawana subira na hawapendi vya zamani. Wale walionijia walitaka kujua, na maswali yao yalikuwa mazuri kuliko majibu niliyokuwa nayo.

6. Yalinde masikio yako

Sikio langu la kushoto linalia usiku, mlio mwembamba usiokatika. Ni upande ule uliokuwa karibu na sahani za dramu. Hatukuwa na mtu wa kutuonya. Leo kipimo kinajulikana: sauti ya desibeli 85 unaweza kukaa nayo saa 8, na kila inapopanda desibeli 3, muda ulio salama unapungua nusu. Ukifika desibeli 100, ambazo ukumbi wenye spika kubwa unazifikia kwa urahisi, una dakika 15 tu kabla madhara hayajaanza. Sisi tulikaa humo saa sita kwa usiku, usiku tano kwa juma.

Sasa navaa vizibo vya masikio na nimewanunulia vijana wangu. Mwanzoni waliona vinawaziba. Niliwaambia hivi: kila nilichorudisha nimekirudisha kwa sikio. Mkono ulipokufa, sikio ndilo lililoufufua. Mkiliharibu hilo, hamtakuwa na pa kuanzia mkizeeka.

7. Andika jina la kila aliyepiga

Ninazo santuri tatu nilizopiga solo. Kwenye karatasi ya katikati kuna jina la bendi, jina la mtunzi, jina la kampuni. Jina langu halipo, na la rafiki yangu wa ridhimu halipo. Tulilipwa pesa za siku, tukasaini bila kusoma, tukaenda kula. Ningeweza kuwalaumu waliotulipa, na sehemu ya lawama ni yao. Lakini nasi hatukuuliza.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua haki ya mtunzi na inatambua pia haki ya mpigaji. Haki hiyo haina maana kama hakuna karatasi inayosema nani alipiga nini. Kwa hiyo kabla hatujarekodi hata kwa simu, tunaandika tarehe, mahali, wimbo, nani besi, nani ridhimu, nani solo, nani dramu, na jinsi malipo yatakavyogawanywa. Tunasaini wote. Yule binti ndiye mtunzaji wa daftari.

Na nimeandika kitu kingine. Nyuma ya majalada ya zile santuri tatu nimeandika kwa kalamu majina ya wote tuliokuwamo studioni siku ile. Kama una santuri kama hizo nyumbani, na mzee wako yu hai, mketishe leo umuulize.

8. Mahali pako huenda si pale ulipopaacha

Tulikubaliana tarehe ya onyesho, Jumamosi. Wiki mbili kabla, tatizo moja lilikuwa bado linatusumbua. Kijana wangu hakuweza kuishika ridhimu ya rafiki yangu. Aliijua kwa kichwa, lakini haikukaa. Ni mpigo wa kuvumilia, duara moja linalozunguka bila kupambwa, na mtu wa miaka 22 anataka kupamba. Solo, kwa upande mwingine, alikuwa ameishika, tena vidole vyake vilifika mahali ambapo vyangu vilikuwa vinaogopa.

Nililala nalo siku mbili. Watu walikuwa wameambiwa mzee wa solo anarudi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiambia hivyo kila asubuhi saa moja kwa mwaka mzima. Siku ya tatu nilimpa solo. Nikamwambia, "Kijana wangu, mimi nitakaa nyuma yako."

Usiku wa Jumamosi ukumbi ulijaa wazee wa rika langu waliokuja na wake zao, na vijana wengi kuliko nilivyotazamia. Walitaka Kasongo ya Super Mazembe, wimbo wa bendi iliyotoka Kongo ikafanya makao Nairobi miaka ya 1970, ambao vijana wa sasa wameuchukua wakaufanya wao. Tukaupiga. Ni wimbo wa mke anayemwita mumewe arudi nyumbani. Wazee waliuimba wamefumba macho, vijana waliuimba wameinua simu, na kwa dakika kumi sikuweza kujua sauti ipi ni ya nani.

Kisha tukaingia wimbo wetu, ule wa zamani. Kijana akasogea mbele na solo. Mimi nikaanza lile duara la rafiki yangu, nikaanza kusikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika miaka yote tuliyosimama jukwaa moja. Zamani ridhimu yake ilikuwa mgongoni mwangu kama ukuta. Niliiegemea, sikuitazama. Sasa nilikuwa ndani yake, na kutoka humo niliiona solo yangu kama alivyokuwa akiiona yeye: inakimbia, inasita, inatafuta pa kukanyaga, na kila mara inapokanyaga, pigo la ridhimu limeshafika. Hakuwa akinifuata. Alikuwa akinitangulia na kunisubiri. Karibu na mwisho kulikuwa na mahali alipozoea kuacha pigo moja, kimya kifupi, na nilidhani miaka yote kwamba alikuwa anapumzisha mkono. Nilipofika hapo nikaliacha. Kijana aligeuza kichwa kunitazama, akaona pako wazi, akapanda sauti moja juu na kuingia sebene. Ukumbi mzima ukasimama.

Alikuwa ameacha mlango kwa ajili yangu, kila usiku, na nilikuwa nikiupita bila kujua nani aliufungua.

Tulimaliza saa tisa usiku. Vijana walikunja nyaya, yule binti akasainisha daftari. Nililifuta gitaa jasho, nikaliweka kwenye mfuko wake, nikafunga zipu. Hakukuwa na mtu wa kumkabidhi. Kulipokaribia kucha nikashuka ngazi, nikapita River Road ambako wauza chai walikuwa wakiwasha majiko, nikapanda 46 ya kwenda Kawangware. Makanga alitazama mfuko mrefu, akasema gari litajaa, afadhali nilipakate. Nikalipakata hadi nyumbani.